Kisanduku cha Maswali: Kinachowavuta Vijana kwenye Anime

Barua za mwezi huu zimejaa anime, yaani filamu na tamthilia za michoro za Kijapani. Wazazi wanauliza kwa wasiwasi, vijana kwa shauku, na wengi wameuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti. Tumechagua saba. Mbili za mwanzo tumezijibu kwa kirefu kwa sababu zilizobaki zinaziegemea.

Mwanangu ana miaka 15. Katuni aliziacha akiwa na miaka 9, sasa amezirudia, tena za Kijapani, na anazisikiliza kwa lugha asiyoijua huku akisoma tafsiri chini ya picha. Je, ana tatizo la ukuaji? Kinachomvuta ni nini? (Mama mwenye wasiwasi)

Mama, ondoa hofu ya ukuaji. Kinachokupotosha ni neno katuni, ambalo wengi wetu tumezoea kulihusisha na watoto wadogo. Japani hadithi za michoro, yaani manga, hugawanywa kufuata msomaji: shonen ni za wavulana wanaobalehe, shojo za wasichana wa umri huo, seinen za wanaume watu wazima na josei za wanawake watu wazima. Anime nyingi hutokana na manga, kwa hiyo hurithi mgawanyo huo. Jarida la Weekly Shonen Jump, lililoanza mwaka 1968, ndilo chimbuko la nyingi kati ya zile ambazo vijana huzitaja zaidi. Mwanao hajarudia za utotoni. Amekutana na hadithi zilizoandikwa makusudi kwa ajili ya mtu wa umri wake, na wahusika wakuu wengi humo wana miaka 12 hadi 17.

Tazama pia steringi mwenyewe. Katika filamu nyingi za mapigano, steringi anajua kupigana tangu dakika ya kwanza na hafi. Kwenye shonen, steringi huanza akiwa dhaifu, anachekwa, anashindwa hadharani, kisha tunakaa naye episodi nzima au tano akifanya mazoezi. Tunasikia mawazo yake kwa sauti katikati ya pambano: anaogopa nini, anakumbuka nini. Adui naye hupewa historia yake, na mara nyingi mtazamaji huanza kumhurumia dakika chache kabla hajaanguka. Na wavulana hulia. Hulia kwa sauti, kamasi zikitoka, na hakuna anayewaambia wanyamaze. Kijana wa kiume wa miaka 15 hapati mahali pengi pa kuona hilo.

Kuna sababu ya kiufundi inayosahaulika. Picha za filamu huenda 24 kwa sekunde, lakini anime nyingi za televisheni hutumia michoro 8 au 12 tu kwa sekunde hiyo, kila mchoro ukishikiliwa kwa picha mbili au tatu. Njia hii ilishika mizizi na Tetsuwan Atom (Astro Boy), anime ya televisheni ya mchoraji Osamu Tezuka, iliyoanza kurushwa tarehe 1 Januari 1963. Fedha na muda vilikuwa vichache, hivyo studio ilizuia mwili usitembee, ikachezesha mdomo peke yake, ikarudia michoro ya zamani. Ubanaji huo ukazaa mtindo. Kwa kuwa kamera haiwezi kukimbiza mwili, inatulia usoni, kwenye mkono uliokunjwa ngumi, kwenye ukimya na upepo. Macho nayo huchorwa makubwa yenye nukta za mwanga: mchoraji akiziondoa nukta hizo, mtazamaji anajua papo hapo kwamba mhusika amekata tamaa, hata kabla neno halijasemwa. Mtu aliye katika umri ambao hisia humjia nzito bila majina anaziona zimepewa umbo.

Kuhusu lugha, anachofuata ni sauti. Waigizaji wa sauti wa Japani husomea kazi hiyo, na mashabiki huwajua kwa majina kama wanavyojulikana waimbaji. Isitoshe, Kijapani hubandika heshima kwenye jina: -san, -kun, -sama. Mhusika anapoacha -san na kumwita mwenzake kwa jina tupu, uhusiano wao umepiga hatua kubwa. Anime ikiingiziwa sauti za lugha nyingine, hatua hiyo mara nyingi hupotea.

Hadithi naielewa. Nisichokielewa ni kundi. Mgeni akija nyumbani, kijana wangu wa miaka 17 hasemi zaidi ya salamu, lakini usiku anachati kwa muda wa saa tatu na watu asiowajua kuhusu episodi moja. (Baba)

Baba, hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Vijana huingia kwa ajili ya hadithi, lakini wengi hubaki kwa sababu wamepata kazi ya kufanya na watu wanaoitambua kazi hiyo.

Anza na ratiba. Anime za televisheni hutoka kwa misimu minne, inayoanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Msimu mmoja hubeba episodi 11 hadi 13, kwa kawaida moja kila wiki. Watu wa nchi mbalimbali wanangoja siku ile ile, wanatazama kitu kile kile ndani ya saa chache, kisha wana siku sita za kubishana nini kitafuata. Shabiki wa mpira anaijua hali hii vizuri: mechi ni dakika 90, mjadala ni wiki nzima.

Kwa mwenye haya hii ni nafuu kubwa. Mazungumzo na mgeni sebuleni huanza na yeye mwenyewe: unasoma darasa la ngapi, mbona umekonda hivyo. Mazungumzo ya kundi huanza na kitu kilicho nje yake, ambacho anakijua kuliko wengi. Hakuna anayeuliza sura yake wala viatu vyake. Anapimwa kwa hoja yake na kwa alichokitengeneza.

Na kutengeneza ndiyo asili ya ushabiki huu. Mkutano wa mashabiki uitwao Comic Market, maarufu kama Comiket, ulianza Tokyo tarehe 21 Desemba 1975 ukiwa na vikundi 32 vya wachoraji na wahudhuriaji wapatao 700. Walileta vitabu walivyovichora na kuvichapa wenyewe, vinavyoitwa doujinshi. Leo hufanyika mara mbili kwa mwaka, kiangazi na mwisho wa Desemba, na huvuta watu kwa malaki. Kundi dogo la simu la kijana wako ni tawi la mti huo huo. Ndani yake yupo anayechora, anayetafsiri, anayekata klipu ziende na mapigo ya muziki, anayetunza orodha ya wahusika, anayetunga maswali ya chemsha bongo, na msimamizi anayeamua ugomvi. Hizi ni kazi halisi, zenye tarehe za mwisho na watu wanaokosoa.

Kwa hiyo badilisha swali. Badala ya “unaangalia nini?” muulize, “kwenye kundi lenu wewe unafanya nini?” Akiwa anatengeneza kitu, omba akuonyeshe, na ukae dakika kumi kweli. Akisema anasoma tu na kucheka, hakuna ubaya. Wengi huanza hivyo. Akisema kazi yake ni kuwakejeli wageni wasiojua majina yote, hapo pana jambo la kuzungumza, kwa sababu ubaya mkubwa wa makundi haya ni ngazi za kujua. Aliyeanza zamani humbeza aliyeanza jana, na watu hugombana hadi matusi juu ya nani aoane na nani katika hadithi. Kundi lililo salama utalitambua: lina wasimamizi wanaojulikana, lina sheria ya kutoharibiana uhondo (mara nyingi hakuna kusimulia episodi mpya bila onyo), na mgeni akiuliza swali la kijinga anajibiwa.

Huenda umesikia anajiita otaku. Kijapani neno hilo lina maana ya nyumba yako, na hutumika pia kama namna ya adabu ya kusema wewe. Mwaka 1983 mwandishi Akio Nakamori alilitumia kuwadhihaki mashabiki waliopitiliza, na kwa miaka mingi Japani lilibaki na ukali huo. Nje ya Japani vijana wamelichukua kama sifa.

Mdogo wangu wa kike alilia siku mbili kwa sababu mhusika amekufa. Nimcheke au nimpeleke hospitali? (Kaka mtu)

Usifanye lolote kati ya hayo. Mwaka 1956 watafiti Donald Horton na Richard Wohl walieleza jinsi mtazamaji wa televisheni anavyojenga ukaribu na mtu wa kwenye kioo asiyemjua kabisa. Kwenye anime ukaribu huo huongezeka, maana mtazamaji amesikia mawazo ya ndani ya mhusika kwa episodi hamsini au mia. Amejua siri zake kuliko za baadhi ya marafiki zake. Huzuni inayofuata ni ya kweli, ila kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache, hasa akipata wa kumsimulia. Muulize ni nani aliyekufa na kwa nini alimpenda. Kama wiki mbili zitapita bado hali, halali, au ameacha kutoka na wenzake, huenda mhusika ni kisingizio cha jambo jingine lisilosemeka, na hapo mtafute mshauri au daktari.

Nasema “moja tu”, nikishtuka ni saa tisa usiku. Mitihani iko karibu na sitaki kuacha kabisa. (Mwanafunzi, 17)

Mdogo wetu, hulegei wewe. Episodi imejengwa hivyo. Ifungue tuione. Ina kama dakika 24. Wimbo wa mwanzo huchukua dakika moja na nusu, wa mwisho nao vilevile. Katikati, karibu dakika ya 10 hadi 13, mara nyingi hutokea picha fupi ya sekunde chache yenye jina la anime au mhusika. Hiyo ilikuwa mahali pa matangazo ya televisheni, nayo hugawa episodi nusu mbili. Mwandishi huweka mtego dakika mbili za mwisho: mlango unafunguliwa, jina linatajwa, skrini inazimika. Ameishia patamu. Ukijipangia kusimama mwisho wa episodi, umejipangia kusimama mahali pagumu kuliko pote.

Simama katikati. Ukiona ile picha fupi, zima. Kesho anza na nusu ya pili, endelea na nusu ya kwanza ya inayofuata, zima tena. Utakuwa umetazama episodi nzima, na umeachia mahali ambapo kiu imepungua. Zima pia mpangilio unaoanzisha episodi inayofuata bila kuulizwa. Hupatikana kwenye mipangilio ya akaunti au ya uchezaji. Simu ilale chumba kingine, maana kuzima ukiwa kitandani na kioo mkononi ni ahadi isiyodumu.

Piga hesabu kabla ya kuanza. Anime ya episodi 12 ni chini ya saa tano, na ukiruka nyimbo ni kama saa nne na robo. Hiyo inamalizika kwa wiki bila kuumiza mtihani. Ndefu ni habari nyingine: Naruto ya kwanza ina episodi 220, na kuanzia ya 136 hadi ya mwisho karibu zote ni za kujazia. Sura moja ya manga ya kila wiki ina kurasa kama 19, lakini episodi moja inaweza kumeza sura mbili, kwa hiyo anime ikaikaribia manga na studio ikalazimika kutunga visa vya pembeni kusubiri. Episodi za kujazia ruka tu. Mashabiki wameziorodhesha zote kwa namba, na hadithi kuu haitakupotea. Siku hizi studio nyingi husimamisha msimu badala ya kujazia, jambo ambalo kwetu ni uungwana kwa mtazamaji.

Nataka kufanya kosplei yangu ya kwanza, yaani kuvaa kama mhusika wa anime. Nilitengeneza kinga za mabega kwa sponji ngumu, rangi ikapasuka siku ile ile. Nilikosea wapi? (Msichana, 16)

Karibu hakika ulipaka rangi moja kwa moja juu ya sponji. Sponji hiyo ngumu, iitwayo EVA, inapinda, rangi iliyokauka haipindi vya kutosha; ukiinua mkono, rangi inavunjika. Tena sponji ina vitundu vidogo vinavyonyonya rangi, hivyo mtu huongeza tabaka nene, na tabaka nene ndilo la kwanza kupasuka.

Anza upya hivi. Zungushia bega plastiki laini ya kufungia chakula, kisha ifunike yote kwa utepe wa karatasi. Chora umbo la kinga juu yake kwa kalamu, ongeza alama ndogo zinazovuka kila mstari wa kukata ili baadaye ujue kipande kipi kinakutana na kipi, halafu mtu akukatie taratibu. Lipange juu ya karatasi na ulinakili. Tumia sponji ya milimita 5 kwa kinga yenyewe na ya milimita 2 kwa mapambo. Ya 10 ni nzito mno kwa bega. Kata kwa wembe mpya, wembe ukiwa wima. Wembe butu huchana, na kingo zilizochanika hazigandi vizuri.

Gundi ni ile inayopakwa pande zote mbili. Paka nyembamba, subiri dakika kama 10 hadi ukigusa haishiki kidole, ndipo uunganishe. Ukiharakisha, haigandi. Ikigusana imegusana, kwa hiyo anza na alama zako, si kona. Kisha pitisha kipuliza hewa moto juu ya sponji mpaka uso ung'ae kidogo, vitundu vimejifunga. Ingali moto, ikunje umbo la bega na uishike hadi ipoe.

Sasa ndipo penye kosa lako: kabla ya rangi, paka tabaka la chini linalonyumbuka. Rangi ya mpira inafaa, na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo inafaa kwa anayeanza. Tabaka tatu au nne nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Baada ya hapo rangi ya akriliki, nyembamba pia, mbili au tatu. Fanya yote haya mahali pa wazi ukiwa na barakoa inayozuia mvuke, kwani mvuke wa gundi na wa sponji iliyochomwa unaumiza mapafu.

Wigi nunua lililo refu kuliko unavyohitaji, likate likiwa kichwani, na hakikisha nyuzi zake zinavumilia joto kabla hujalinyoosha. Jipe wiki sita. Na kwa vazi la kwanza tungekushauri uchague mhusika mwenye sare ya shule au koti la kawaida, mabega yawe ndiyo kazi pekee ngumu.

Je, mtoto wa miaka 11 anaruhusiwa? Kuna mtu kwenye kundi anamwambia wahamie kuchati wawili tu. (Mlezi)

Anza na la pili, leo hii. Mtu mzima anayemtaka mtoto wahame kutoka kundini kwenda faragha, anayeuliza umri, anayeomba picha au anayesema “usimwambie mtu”, huyo si shabiki mwenzake. Hifadhi ushahidi wa maneno, mzuie, mjulishe msimamizi wa kundi, na kama ameomba picha au kukutana, ripoti polisi. Usimnyang'anye mtoto simu kwa hasira, kwani safari ijayo hatakuambia.

Kuhusu anime yenyewe, hakuna jibu moja, kama ambavyo hakuna jibu moja kuhusu filamu. Zipo za watoto wa miaka 6, na zipo zenye damu na ngono ambazo mtoto hafai kuziona, na picha ya tangazo haikuonyeshi tofauti. Soma kiwango cha umri kwenye huduma halali, tumia akaunti ya mtoto, kisha tazameni pamoja episodi tatu. Moja haitoshi: ya kwanza hutengenezwa kuvutia kila mtu, na tabia halisi ya hadithi hujitokeza ya pili au ya tatu. Na hata zile zinazosifiwa, baadhi huwachora wasichana kwa namna tusiyoipenda. Mwambie mtoto hivyo waziwazi mnapoiona.

Kuna ubaya gani kutazama kwenye tovuti za bure zisizo rasmi? (Wengi)

Mchora michoro ya kati, yule anayejaza mwendo baina ya michoro mikuu, kwa miaka mingi amelipwa kwa mchoro, kiwango kinachotajwa mara nyingi kikiwa yen 200 hivi. Studio hupata kazi kutoka kwa kamati ya wawekezaji, na kamati huangalia mapato halali ikiamua kama kutakuwa na msimu wa pili. Anime unayoipenda ikiangaliwa kwa wizi, haihesabiwi. Ikiwa huna uwezo wa kulipia, tafuta chaneli rasmi kwenye YouTube, kwani baadhi ya wenye haki huweka episodi nzima bure pamoja na matangazo.

Tovuti za wizi nazo huishi kwa matangazo ambayo wengine huyakataa. Kitufe kikubwa cha kucheza mara nyingi si cha video. Ukurasa ukikutaka upakue programu ya kuchezea kwanza, au ukubali arifa ndipo uone, ufunge, na kama ulishabonyeza, nenda kwenye mipangilio ya kivinjari ukaondoe ruhusa ya arifa za tovuti hiyo.